Benchi la Mfalme: Kiti Ambacho Mfalme Hakikalii

Malkia Elizabeth II alifariki alasiri ya Septemba 8, 2022, huko Balmoral, Scotland, na papo hapo mahakama moja kubwa ya London ikabadilika jina. Hakukuwa na mswada bungeni wala mjadala. Shauri lililosajiliwa asubuhi ya siku ile lilikuwa la Divisheni ya Benchi la Malkia. Lililosajiliwa kesho yake lilikuwa la Divisheni ya Benchi la Mfalme, kwa kuwa Charles III alikwisha kurithi ufalme. Mawakili waandamizi waliozoea kuandika herufi QC baada ya majina yao walilala QC wakaamka KC.

Aliyesoma sheria Dar es Salaam, Nairobi au Kampala amezikariri herufi za namna hiyo, pengine bila kuuliza zilikotoka. Bi. Louisa Carlill alinunua kidude cha kuvutia moshi wa dawa baada ya kuona tangazo gazetini. Kampuni iliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeugua mafua licha ya kukitumia. Akakitumia, akaugua, akadai chake, na kesi yake imo katika vitabu vya mwaka 1893 vyenye alama QB, yaani Queen's Bench, Benchi la Malkia. Kesi ya nyumba za kupanga za High Trees, ambamo Jaji Denning alisema kwamba mwenye nyumba aliyekubali kupunguza kodi wakati wa vita hawezi kugeuka baadaye na kudai tofauti ya miezi ile, imo katika KB ya mwaka 1947. QB ya Bi. Carlill ni ya Malkia Victoria. KB ya High Trees ni ya Mfalme George VI. Kuanzia 1901 hadi 1952 kiti kilikuwa cha wanaume, na vitabu vikaandika KB. Kisha Elizabeth akatawala miaka 70, na mawakili wetu wengi wakazeeka wakiijua QB peke yake.

Novemba 1, 2025 ilitimia miaka 150 tangu Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales ianze kazi kwa muundo tunaoujua, na Benchi la Mfalme ndilo kubwa kuliko divisheni zake nyingine. Maadhimisho ya aina hii huelekea kusifu majengo na majoho. Mimi nina la kusema jingine. Mahakama hii imebeba jina la mwenye mamlaka kwa takriban karne nane, na heshima yake imetokana na siku zile ilipomwambia mwenye mamlaka kwamba amekosa. Zipo pia siku iliposhindwa kusema hivyo, na hizo nazo ni sehemu ya historia yake.

Hapo mwanzo jina lilimaanisha kile lilichosema. Katika karne ya 12 mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi, na baraza lake ndilo lililokuwa mahakama. Mwaka 1178 Henry II aliteua watu watano wa nyumbani mwake, makasisi wawili na walei watatu, wakae na kusikiliza malalamiko ya raia. Wanahistoria wanabishana ni mahakama gani hasa iliyozaliwa na watu hao watano, maana baadaye zilitokea mbili. Moja ilitulia Westminster, kwa sababu Magna Carta ya mwaka 1215 ilidai kwamba mashauri ya kawaida, ya raia kwa raia, yasimfuate mfalme njiani bali yasikilizwe mahali pamoja panapojulikana. Nyingine ilibaki na mfalme. Kumbukumbu zake za pekee zinaanza mwaka 1234, na hati zake za wito zilimtaka mtu afike mbele ya mfalme popote atakapokuwa katika Uingereza. Mfalme akihamia York kupigana na Waskoti, makarani walipakia masanduku ya majalada na kumfuata, na mdaiwa naye alifunga safari.

Kadiri miaka ilivyokwenda, wafalme waliacha kuhudhuria. Majaji walikaa peke yao, wakaendelea kuandika kwamba shauri limesikilizwa mbele ya mfalme mwenyewe. Swali likabaki limelala: mfalme akiamua siku moja kuja kukikalia kiti chake, nani atamzuia?

Aliyeliamsha ni James I. Mwaka 1607 alidai kwamba kwa kuwa majaji ni wawakilishi wake tu, anaweza kuchukua shauri lolote na kuliamua mwenyewe. Edward Coke, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mashauri ya Kawaida, alimjibu kwamba hawezi. Mungu, alisema, amemjalia Mfalme elimu kubwa na vipaji vingi, lakini mashauri yanayohusu maisha, urithi na mali za raia huamuliwa kwa sheria, na sheria ni fani inayohitaji kusomwa na kuzoewa kwa miaka mingi. Mfalme alighadhibika. Barua ya wakati ule inasimulia kwamba Coke aliishia kuanguka chini akiomba radhi, ingawa katika maandishi yake mwenyewe hilo halimo. Mimi naiamini barua ile, nayo hainipunguzii heshima kwa Coke hata kidogo. Alikuwa na hofu kama mtu yeyote aliyesimama mbele ya mtu anayeweza kumfunga, na neno lake alikuwa amekwisha kulisema. Mwaka 1613 alihamishiwa Benchi la Mfalme. Mwaka 1616 mfalme alimfukuza kazi.

Kizazi kimoja baadaye mfalme mwingine, Charles I, alikatwa kichwa, na kwa miaka 11 Uingereza ikawa haina mfalme. Mahakama haikufungwa. Iliitwa Benchi la Juu, ikaendelea na mashauri yake, na mwaka 1660 ufalme uliporudi, jina la zamani nalo likarudi.

Wakati huo ilikuwa imekwisha kutulia katika Ukumbi wa Westminster, jengo lililoanzishwa na William Rufus mwishoni mwa karne ya 11 na ambalo paa lake kubwa la mwaloni liliwekwa na Richard II. Tusidhani ilikuwa na vyumba kama vya mahakama zetu. Benchi la Mfalme lilikuwa pembeni upande wa kusini mwa ukumbi, likitenganishwa na kelele kwa kizuizi cha mbao tu. Mahakama nyingine zilikuwa humohumo, mita chache kutoka hapo, na kando ya kuta kulikuwa na vibanda vya wauza vitabu. Wakili alihoji shahidi huku watu wakipita wakibishana bei. Haki ilitendeka mahali ambapo kila mtu aliweza kusimama na kusikiliza, na naona hilo ni jambo lililofaa zaidi kuliko marumaru yoyote iliyokuja baadaye.

Mashauri ya madai yalilifikia benchi hili kwa njia ambayo leo ingemshangaza msajili yeyote. Kwa sheria, madeni na mikataba vilikuwa kazi ya Mahakama ya Mashauri ya Kawaida. Lakini majaji na makarani walilipwa ada kwa kila shauri, na Benchi la Mfalme lilitaka sehemu yake. Likabuni ujanja. Mdai alidai kwanza kwamba mdaiwa amefanya uvamizi katika mkoa wa Middlesex, kosa ambalo kweli lilikuwa chini ya benchi hilo. Mdaiwa alipokamatwa na kuhesabiwa kuwa yuko mikononi mwa mkuu wa gereza la mahakama, sasa angeweza kushtakiwa hapo kwa deni la kweli, na ule uvamizi ukasahauliwa. Kila mtu alijua haujawahi kutokea. Kwa uwongo huo ulioandikwa kwenye majalada mwaka baada ya mwaka, mahakama ya mfalme ikawa mahakama ya wafanyabiashara na wadeni wao.

Lord Mansfield alikuwa Jaji Mkuu wake kuanzia 1756 hadi 1788, na mambo mawili ya zama zake yanatuhusu Waafrika moja kwa moja.

James Somerset alichukuliwa utumwani kutoka Afrika akiwa mtoto, akauzwa Virginia, na mwaka 1769 akaletwa London na bwana wake, Charles Stewart. Mwaka 1771 akatoroka. Wakamkamata, wakamfunga minyororo ndani ya meli Ann and Mary iliyokuwa ikisubiri kwenda Jamaica, ambako angeuzwa. Wazazi wake wa ubatizo walikwenda Benchi la Mfalme kuomba hati ambayo mawakili wanaiita kwa Kilatini habeas corpus, amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na kueleza anamshikilia kwa sheria gani. Nahodha wa meli alitii. Juni 22, 1772 Mansfield aliamua kwamba utumwa ni jambo baya kiasi kwamba haliwezi kusimama bila sheria iliyotungwa kuuruhusu, na sheria hiyo Uingereza haikuwepo. Somerset akaachiwa. Magazeti yaliandika kwamba Waafrika waliokuwa wamehudhuria waliinama mbele ya majaji, kisha wakapeana mikono wao kwa wao. Uamuzi haukuwakomboa watumwa wa makoloni. Waliendelea kuuzwa Jamaica kwa zaidi ya miaka 60, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Lakini mtu aliyeingia katika jengo lile akiwa mali ya mtu alitoka akiwa huru.

La pili ni la aibu. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Zong, wakidai maji yalikuwa yanakwisha, waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai. Wenye meli walirudi kwa kampuni ya bima kudai pauni 30 kwa kila mtu aliyetupwa. Shauri lilisikilizwa kama shauri la mizigo iliyopotea, na baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi wenye meli. Mwezi Mei 1783 Mansfield na wenzake waliamuru lisikilizwe upya kwa sababu ushahidi kuhusu maji ulikuwa na mashaka. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Majina ya waliotupwa hayakuandikwa katika hukumu. Anayeadhimisha mahakama hii kwa kumtaja Somerset na kuiacha Zong anadanganya kwa nusu.

Mageuzi ya karne ya 19 nayapita haraka. Sheria za mwaka 1873 na 1875 ziliunganisha mahakama kongwe za London kuwa Mahakama Kuu moja yenye divisheni. Mwanzoni zilikuwa tano, lakini mwishoni mwa mwaka 1880, baada ya wakuu wa divisheni mbili kufariki, Divisheni ya Mashauri ya Kawaida na ile ya Hazina zilimezwa na Benchi la Malkia. Hivyo benchi likaurithi kihalali ufalme wa mashauri ya madai ambao kwa karne kadhaa lilikuwa likiumega kwa uwongo wa Middlesex. Desemba 4, 1882 Victoria alifungua jengo jipya la mahakama katika mtaa wa Strand. Msanifu wake, George Edmund Street, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Leo divisheni ni tatu: Benchi la Mfalme, Chancery inayoshughulikia amana, kampuni na mirathi yenye mgogoro, na ya Familia. Benchi la Mfalme linasikiliza madai ya mikataba iliyovunjwa, uzembe wa madaktari, ajali na kashfa magazetini. Kwa kawaida dai la fedha haliwezi kufunguliwa Mahakama Kuu isipokuwa linazidi pauni 100,000, au likiwa la majeraha, linafikia pauni 50,000. Madogo huenda mahakama za ngazi ya chini. Hatua nyingi za awali husimamiwa na maofisa wa kijaji ambao kazi yao inakaribiana na ya Naibu Msajili wetu. Majaji wake pia husafiri mikoani kusikiliza mauaji na jinai nyingine nzito, kwa hiyo si sahihi kuiita mahakama ya madai tupu. Rais wa divisheni tangu mwaka 2019 alikuwa Dame Victoria Sharp, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Chini ya divisheni hii zipo mahakama maalumu. Mahakama ya Biashara, iliyoanza mwaka 1895, ndiyo iliyowafikisha wengi kutoka Afrika London. Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles aliikubalia Nigeria kwamba tuzo ya usuluhishi ya takriban dola za Marekani bilioni 11 iliyokuwa ikidaiwa na kampuni ya P&ID ilipatikana kwa ulaghai. Julai 2024 jaji huyohuyo aliipa Msumbiji ushindi dhidi ya Privinvest katika kashfa ya mikopo ya meli za uvuvi wa jodari. Ipo pia Mahakama ya Utawala, ambako raia huomba mapitio ya uamuzi wa waziri, polisi au halmashauri. Huko ndiko ile kazi ya kale ya kumuuliza mwenye mamlaka anatenda kwa sheria gani inakoendelea kila siku.

Kazi hiyo ilivuka bahari. Sheria ya Kenya ya mwaka 1967 kuhusu mahakama inaitaja Agosti 12, 1897 kuwa tarehe ya kupokea kanuni za Uingereza. Kwa Tanganyika ni Julai 22, 1920. Sheria ya Kenya inayompa jaji wa Nairobi uwezo wa kumlazimisha ofisa atimize wajibu wake, kumzuia au kufuta uamuzi wake, iliandikwa kwa kurejelea moja kwa moja mamlaka ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Mwananchi wa Kisumu au Mwanza anayefungua maombi dhidi ya halmashauri yake anatumia chombo kilichochongwa Westminster.

Wapo waliojua kwamba chombo hicho hakiwezi kuhamishwa kikiwa kizima. Watu wa Mombasa wa zamani wanalikumbuka daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya tangu 1931 hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980, na ushuru uliotozwa na kampuni iliyolimiliki. Mgogoro kuhusu magari ya jeshi na ushuru huo ulifika mahakama za London, na hukumu ya rufaa ndiyo inayofungua kitabu cha kwanza cha QB cha mwaka 1956, ukurasa wa 1. Humo Denning, wakati huo jaji wa rufaa, aliifananisha sheria ya Kiingereza na mwaloni: huwezi kuupanda Afrika ukategemea uwe na sifa zilezile, utastawi, lakini utahitaji kutunzwa kwa namna ya huko.

Safari ya kurudi ilikuja mwaka 2009. Wazee wa Kenya waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950 walifungua madai Benchi la Malkia dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Paulo Muoka Nzili alihasiwa. Jane Muthoni Mara alidhalilishwa kijinsia kambini akiwa msichana. Wambugu wa Nyingi alikuwa katika kambi ya Hola Machi 3, 1959, siku ambayo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Naye alipigwa hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kukana mateso. Ilisema kwamba wajibu wowote uliokuwepo ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya Uhuru mwaka 1963. Julai 21, 2011 Jaji McCombe alikataa kulitupa shauri, akisema lina hoja za kusikilizwa. Katika mwenendo huohuo wanahistoria walioitwa kuwa mashahidi, miongoni mwao David Anderson na Caroline Elkins, walisaidia kuibua ukweli kwamba wizara ilikuwa imeficha katika kituo chake cha Hanslope Park, Uingereza, maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni 37 kabla ya bendera kushushwa. Hoja iliyofuata ikawa ukomo wa muda: miaka zaidi ya 50 imepita. Julai 2012 wazee walikaa katika chumba cha mahakama pale Strand, na wakili wa serikali akatamka kwamba serikali haibishi kuwa waliteswa. Oktoba 5, 2012 McCombe akaamua kwamba nyaraka zilizobaki zinatosha kwa shauri la haki, na madai ya watatu hao yaendelee.

Naona hilo ni moja ya matendo makubwa kabisa katika historia ya benchi hili. Mzee kutoka Kenya aliisimamisha serikali ya Malkia mbele ya jaji wa Malkia, katika mahakama yenye jina la Malkia, akaambiwa ana haki ya kusikilizwa. Juni 6, 2013 Waziri William Hague alisimama bungeni kueleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza suluhu: pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi.

Wengine hawakupata. Watu wapatao 40,000 walifungua shauri lao katika divisheni ileile, wakiwa na ushahidi wa vijiji vilivyozungushiwa nyaya, vipigo na kazi za lazima. Jaji Stewart alilisikiliza kwa zaidi ya siku 200. Mwaka 2018 madai yakatupwa, sababu kubwa ikiwa ni ukomo wa muda uleule ambao McCombe aliona unaweza kuvukwa. Mashahidi wengi walikuwa wamekufa na nyaraka za matukio yao hazikupatikana, alisema, kwa hiyo serikali isingeweza kujitetea kwa haki. Sikubaliani na uzito alioupa jambo hilo. Aliyeteketeza na kuficha majalada asinufaike na upungufu wa majalada.

Agosti 2022, siku chache kabla ya benchi kubadilika jina, Wakipsigis na Watalai wa Kericho walionyang'anywa ardhi iliyogeuzwa mashamba ya chai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza kwingine, katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg.